Futi na Meta katika Anga la Nairobi

Programu za kompyuta ziigizazo urukaji wa ndege husifiwa kwa kawaida kwa ajili ya uzuri wa picha zake. Watu husema: tazama mawingu yalivyo, tazama jua linavyochwa nyuma ya vilima vya Ngong, tazama jumba la mikutano la Kenyatta lilivyosimama mahali pake katikati ya mji. Sifa hizo ni za haki, wala sina nia ya kuzipunguza. Lakini picha ni mavazi ya programu. Mwili wake ni hesabu. Katika insha hii nataka kuzipima programu hizo kwa jambo ambalo wahakiki wengi hulipita upesi, nalo ni vipimo vyake. Je, zinamwambia mwanafunzi kimo cha ndege kwa futi au kwa meta, mafuta kwa galoni au kwa lita? Na zikimwambia, je, aelewe nini?

Toleo la Microsoft Flight Simulator lililotoka mwaka 2006 lilimpa mchezaji njia tatu: vipimo vya Kimarekani, vipimo vya meta, lakini kimo kibaki katika futi, au meta katika kila kitu, kimo nacho kikiwamo. Toleo la mwaka 2020 nalo lina njia tatu: mfumo wa meta, mfumo wa Marekani, na mchanganyiko. Shauri hilo limewekwa katika orodha ya mambo ya hiari, kana kwamba kuchagua futi au meta ni sawa na kuchagua chai ya maziwa au chai ya rangi. Hapo ndipo nisipokubaliana na watengenezaji. Kwa mtu atakaye kujifurahisha tu, hiari haina dhara. Lakini wako vijana ambao hawataigusa ndege ya kweli mpaka wawe wameruka saa nyingi mbele ya kompyuta, nao hutumaini kwamba siku moja wataingia lango la uwanja wa Wilson wakajifunze urubani. Kwao programu ni mwalimu wa kwanza, na mafunzo ya mwalimu wa kwanza husahauliwa kwa shida.

Uwanja wa Wilson uko kando ya barabara ya Lang'ata, kilometa chache tu kutoka katikati ya mji. Umepewa jina la Florence Kerr Wilson, bibi aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Ukisikiliza mazungumzo ya mwongozaji ndege na rubani mahali kama hapo, utasikia mchanganyiko ambao mwalimu wa hesabu angeukataa. Kimo cha ndege hutajwa kwa futi. Mwendo wake, na mwendo wa upepo, hutajwa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Umbali ambao jicho laweza kuona katika ukungu wa asubuhi hutajwa kwa meta au kilometa. Mgandamizo wa hewa hutajwa kwa hektopaskali, na joto kwa nyuzi za Selsiasi. Katika maneno machache rubani hupokea vipimo vya koo mbili zisizopatana, naye hana budi kuvielewa vyote kabla hajajibu.

Mchanganyiko huo haukuzuka Nairobi. Mkataba uliotiwa sahihi mjini Chicago mwaka 1944 ulizaa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na Kiambatisho cha Tano cha mkataba huo ndicho kinachohusu vipimo. Humo meta imepewa kiti cha enzi. Lakini futi, noti na maili ya baharini zimeruhusiwa kutumika kwa muda, na siku ya mwisho ya muda huo haikuwekwa mpaka leo. Ni kama mgeni aliyekaribishwa kulala usiku mmoja, na hakuna aliyemwuliza ataondoka lini. Nchi chache zilishika meta kwa vimo vya ndege. China ingali inazitumia. Urusi ilihamia futi katika anga lake la juu mwezi wa Novemba 2011. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba futi ni kitu kilichopitwa na wakati husema kweli darasani, lakini angani bado haijawa kweli.

Mwenyeji wa Nairobi hana sababu ya kushangazwa na hali hiyo, kwa maana huishi ndani yake kila siku. Kenya iliacha vipimo vya Kiingereza ikafuata meta tangu miaka ya mwisho ya sitini na katika miaka ya sabini. Nyama hupimwa kwa kilo, petroli kwa lita, kitambaa kwa meta. Hata hivyo nenda barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, walipo maseremala wengi, ukamwulize mmoja wao urefu wa kitanda. Atakujibu kwa futi na inchi. Enda mbele ukaulize bei ya kiwanja; utaambiwa ni hamsini kwa mia, na hizo ni futi, ingawa hati ya kiwanja hicho itaandikwa kwa hekta. Tena muuzaji atakwambia kwamba hamsini kwa mia ndiyo moja ya nane ya ekari. Sivyo. Hamsini mara mia ni futi za mraba 5,000, ilhali moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445. Mnunuzi asiyehesabu amekwisha kupoteza chumba kizima kabla hajachimba msingi. Juu ya ardhi hasara hiyo ni ya fedha, na yaweza kulalamikiwa mbele ya wakili.

Sasa tuzitazame njia tatu za programu moja moja. Njia ya meta tupu humvutia mwanafunzi kwa sababu hufanana na somo lake la fizikia. Lakini humfundisha kusema lugha ambayo hakuna mwongozaji wa Nairobi atakayemjibu. Zaidi ya hayo haijakamilika yenyewe: katika toleo la mwaka 2020 mtu aliyechagua meta hupata meta katika ramani na maelezo, bali saa zilizochorwa mbele ya rubani wa Cessna hubaki katika futi na noti, kama zilivyo katika Cessna ya kweli. Hivyo kioo kimoja husema kwa ndimi mbili kwa wakati mmoja.

Kwamba ndimi mbili zaweza kuua, si maneno ya kutishia watoto. Tarehe 15 Aprili 1999, ndege ya mizigo ya Korean Air iliondoka Shanghai. Waongozaji waliiambia ipande mpaka meta 1,500. Rubani alipomwuliza msaidizi wake kimo walichoamriwa, msaidizi alijibu futi 1,500. Ndege ilikuwa imekwisha kupita kiasi hicho kwa mbali, maana meta 1,500 ni futi 4,900 na zaidi. Rubani akadhani amevunja amri, akaishusha ndege kwa nguvu asiweze tena kuiinua. Watu watatu waliokuwamo walikufa, pamoja na watu watano waliokuwa chini. Namba ilikuwa ile ile. Jina lake ndilo lililobadilika.

Njia ya Kimarekani ina kosa la upande wa pili. Humpa mwanafunzi mgandamizo wa hewa kwa inchi za zebaki, kipimo ambacho hatakisikia Nairobi, na umbali wa kuona kwa maili za nchi kavu. Yeye atazoea namba kama 29.92, na siku atakapoambiwa 1019 atahangaika kutafuta nukta iwekwe wapi. Iliyobaki ni njia ya tatu, ya mchanganyiko, ambayo kwa jina lake huonekana kama suluhu ya watu walioshindwa kukata shauri. Kwa anga la Nairobi hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na sheria. Ajabu ni kwamba programu haisemi hivyo. Huziweka njia tatu sawasawa, kama ndugu mapacha, ikamwachia mtoto wa Kawangware au Lavington abahatishe.

Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika neno dogo la galoni. Wazee wetu waliijua galoni. Debe la mafuta ya taa, ambalo baadaye lilitumika kupimia mahindi na kutekea maji, lilikuwa la galoni nne, yaani lita 18 na kidogo. Hiyo ilikuwa galoni ya Kiingereza, yenye lita 4.546. Galoni iliyoandikwa katika kitabu cha ndege ya Cessna ni ya Kimarekani, nayo ina lita 3.785 tu. Cessna 172 ya aina iliyoenea siku hizi huchukua galoni 53 za mafuta yawezayo kutumika. Kwa galoni ya Kimarekani hizo ni lita 200 hivi. Kwa galoni ya debe zingekuwa lita 240. Tofauti ni lita 40, na ndege hiyo hula lita thelathini na kitu kwa saa. Basi mwanafunzi akijifunza galoni kwa babu yake, kisha akaitumia katika hesabu ya safari ya Maasai Mara, amejitilia katika tangi mafuta ya zaidi ya saa nzima yasiyokuwapo. Programu huandika galoni, basi. Haisemi galoni ya nani.

Msomaji aweza kusema kwamba watu wazima wenye vyeti hawawezi kukosea hivyo. Walikosea. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 ya kampuni ya Air Canada ilipaswa kuwa na mafuta kilo 22,300 kwa safari ya kwenda Edmonton. Nchi ya Kanada ilikuwa ikihama kutoka vipimo vya zamani kwenda vya meta, na ndege hiyo mpya ilikuwa miongoni mwa za kwanza katika kampuni kupimiwa mafuta kwa kilo. Saa za mafuta zilikuwa na hitilafu, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti na kuhesabiwa kwa kalamu. Ili kugeuza lita kuwa uzito, walizidisha kwa 1.77. Hiyo ndiyo hesabu ya ratili zilizomo katika lita moja ya mafuta. Kilo ni 0.8 tu. Wakapata 22,300 waliyoitaka, wakaridhika. Kumbe zilikuwa ratili, wala hazikufika nusu ya mafuta yaliyohitajiwa. Injini zote mbili zilizimika angani, naye rubani, aliyekuwa na ujuzi wa ndege zisizo na injini, akaielea ndege mpaka uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, akatua bila kuua hata mtu mmoja. Tazama vizuri hesabu yao: kuzidisha kulikuwa sahihi, kutoa kulikuwa sahihi. Mwalimu angewapa alama zote kama asingetazama vipimo.

Nimekuwa nikisema futi na meta kana kwamba kipimo ndicho kila kitu. Kuna nusu ya pili, nayo ni mahali kipimo kinapoanzia. Programu ya Microsoft, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1982, ilimweka mchezaji katika uwanja wa Meigs mjini Chicago, ukingoni mwa ziwa, futi zipatazo 600 tu juu ya usawa wa bahari. Mahali kama hapo mtu aweza kuisoma saa ya kimo kana kwamba ndege inapimwa kutoka chini yake, asidhurike sana. Nairobi haina huruma hiyo. Uwanja wa Wilson uko karibu meta 1,690 juu ya bahari, yaani futi 5,500 na kitu. Ndege iliyosimama imezima injini, tairi zake zikigusa lami, tayari imekwisha kuandikiwa elfu tano na mia tano. Tena nchi huinuka kuelekea magharibi. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kiko meta 1,798. Kilele cha Ngong ni meta 2,460. Rubani aliyeondoka Wilson akapanda hata meta 2,000, akaona namba nzuri yenye sifuri tatu, ana meta mia mbili tu chini ya tumbo lake apitapo Dagoretti, na akinyoosha njia kwenda Ngong mbele yake kuna mlima. Ageuze meta zake kuwa futi, mlima hautasogea.

Ushahidi wa jambo hilo upo katika historia ya mji huu wenyewe. Mwezi wa Septemba 1974, ndege kubwa ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikija Nairobi. Iliruhusiwa kushuka mpaka futi 7,500. Ndani ya ndege namba ilisikiwa kuwa 5,000. Hapakuwa na meta hata moja katika mazungumzo hayo. Pande zote mbili zilisema futi, na kila mmoja alijua futi ni nini. Lakini uwanja wa Embakasi uko futi 5,330 juu ya bahari. Kimo cha futi 5,000 mahali hapo kiko ndani ya udongo. Ndege ilishuka katika mawingu ikielekea kimo hicho, na ilipotoka chini ya mawingu ardhi ilikuwa karibu mno. Ikainuliwa ikiwa imebakiwa na futi zisizofika mia. Kijana aliyefundishwa na programu kuuliza kila mara, futi ngapi kutoka wapi, angeshtuka aliposikia elfu tano. Programu nyingi zinao uwezo wa kuonyesha kimo kutoka ardhini pia, lakini aghalabu namba hizo mbili huandikwa kwa herufi ndogo zinazofanana.

Ni haki nitoe neno juu ya watetezi wa futi, kwa kuwa wako wengi, nao husema kwamba futi na noti hufanya hesabu za rubani kuwa rahisi. Maili ya baharini naikubali. Ina meta 1,852, nayo ni sehemu ya dunia yenyewe: dakika moja ya latitudo, kitu ambacho baharia na rubani wanaweza kukipima katika ramani yoyote. Lakini futi haina nasaba hiyo. Husemwa kwamba ndege itelemkayo kwa pembe ya nyuzi tatu hupoteza futi 300 kwa kila maili ya baharini, na kwamba wepesi huo ni baraka ya futi. Hesabu kamili ni futi 318. Kwa upande wa meta, pembe hiyo hiyo hupoteza meta 52 kwa kila kilometa. Mtu akishika hamsini hatakosea zaidi ya yule aliyeshika mia tatu. Wepesi uko katika mazoea. Futi imebaki angani kwa sababu moja tu, nayo ni nzito: karibu kila mtu aliye juu huko anaitumia, na saa ya kubadilisha ndiyo saa ya hatari, kama watu wa Kanada walivyoona.

Wala isidhaniwe kwamba kwa kuitetea futi au meta tunatetea chetu. Vipimo vya kwetu ni shibiri, dhiraa na pima. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho; dhiraa ni kutoka kiwiko hata ncha za vidole; pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, na ndiyo waliyoitumia mabaharia wa pwani kujua kina cha maji chini ya jahazi. Futi ni ndugu ya vipimo hivyo, maana nayo ilitoka katika mwili wa mtu, ila ni mtu wa mbali. Nahodha aliyepiga bildi akatangaza pima tatu hakuwa na shaka pima zake zinaanzia wapi: zilianzia chomboni zikaishia mchangani. Saa ya kimo ya ndege haina faida hiyo.

Katika programu nilizozitazama iko moja ambayo imelifikiri jambo hili kwa makini, nayo ni FlightGear, ambayo hutolewa bure na kwa hiyo shule yoyote yenye kompyuta ya kutosha yaweza kuwa nayo. Picha zake ni duni zikilinganishwa na zile za Microsoft. Nairobi yake ni maskini wa majumba. Lakini ukifungua matumbo yake utaona kwamba majina ya viasi vyake yameshonewa kipimo mkiani: kimo-futi, mwendo-noti, uzito-ratili. Mtengenezaji wa ndege mpya hawezi kuitia namba ndani bila kuona ni namba ya nini. Nidhamu hiyo imefichwa mahali ambapo mchezaji wa kawaida haioni, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa maana ingefaa zaidi juu ya kioo kuliko ndani.

Haingekuwa kazi kubwa kuitoa nje. Programu hujua ndege imewekwa uwanja gani. Hujua hata saa na mawingu ya siku hiyo. Basi mchezaji aichaguapo Wilson, programu iweke yenyewe kimo kwa futi, mgandamizo kwa hektopaskali, umbali wa kuona kwa meta. Imwambie sababu kwa sentensi mbili. Kimo kutoka baharini na kimo kutoka ardhini viandikwe kwa rangi mbili tofauti. Na kando ya neno galoni liandikwe jina la nchi yake.